Kuunganisha kompyuta 20 ziongee: mwongozo kamili wa mtandao wa shule au saiba

Kosa linaloharibu vyumba vingi vya kompyuta ni kuanza na intaneti. Laini ya fiba inalipiwa, ruta (kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na intaneti) inaletwa, kompyuta zinaunganishwa ovyo kwa Wi-Fi, kisha kila mtu analalamika kwamba intaneti ni ya polepole. Mara nyingi laini yenyewe haina neno. Kilicholegea ni mtandao wa ndani: plagi iliyobanwa vibaya, anwani zinazogongana, swichi (kisanduku chenye matundu ya kuunganishia kebo za mtandao) iliyochomekwa kwenye soketi ya stima inayocheza.

Mtandao na intaneti si kitu kimoja. Kompyuta 20 zilizounganishwa kwenye swichi moja hupeana faili, hutumia printa moja na kusoma masomo kutoka seva ya ndani (kompyuta inayowahifadhia wengine faili) hata kama hakuna intaneti hata kidogo. Jenga huo kwanza, upime, uwe imara, ndipo ulete intaneti juu yake. Mwongozo huu unachukua chumba cha mita 12 kwa 8 chenye kompyuta 20, printa moja na seva ndogo, kipimo ambacho fundi wa Nakuru, Kisumu, Kakamega au Bungoma anaweza kukipanua au kukipunguza.

Data inavyosafiri

Kompyuta haitumi faili nzima kwa mkupuo. Huikata vipande viitwavyo pakiti, na kwenye waya wa Etherneti kila kipande kwa kawaida hakizidi baiti 1,500. Kila kipande hubeba anwani za aina mbili, na hapa ndipo wanaojifunza hukwama. Chukua kifurushi kinachotumwa kutoka Busia kwenda Nairobi. Jina la mpokeaji lililoandikwa juu yake halibadiliki njia nzima: hiyo ndiyo anwani ya IP. Lakini hadi Kisumu kimebebwa na matatu moja, na hapo kimehamishiwa basi jingine. Namba ya gari hubadilika kila kituo: hiyo ndiyo anwani ya MAC.

Anwani ya MAC ina biti 48, huandikwa kwa tarakimu 12 za kiheksadesimali, na kiwanda huiweka ndani ya kadi ya mtandao. Anwani ya IP ya toleo la nne ina biti 32, huandikwa kama namba nne kati ya 0 na 255. Swichi husoma MAC tu. Ruta husoma IP. Kwa sababu hiyo kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja huzungumza kupitia swichi bila kuihitaji ruta. Ruta huingia kazini pale pakiti inapotoka nje ya mtandao huo.

Kebo ya kisasa huruhusu pande mbili kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Wi-Fi haiwezi: vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja hupokezana hewa, kimoja kikizungumza vingine vinangoja. Simu moja ya zamani iliyo mbali, inayotuma polepole, hula muda wa wengine wote. Ndiyo maana kompyuta za mezani ziunganishwe kwa kebo na Wi-Fi iachiwe simu na vipakatalishi.

Jambo jingine la kushika kabla ya kununua chochote: kasi hupimwa kwa megabiti, faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Laini ya Mbps 10, yaani megabiti 10 kwa sekunde, hupakua megabaiti 1.25 kwa sekunde ikiwa peke yako. Faili ya megabaiti 700 itachukua takriban dakika tisa na nusu. Faili hiyohiyo ikitoka kwenye seva iliyo chumbani kupitia swichi ya gigabiti moja inaweza kufika kwa sekunde sita hivi, mradi diski nazo ziwe za kasi.

Vifaa na hesabu yake

Hesabu matundu ya swichi kwa kalamu, usikisie. Kompyuta 20, printa, seva, ruta na kifaa cha Wi-Fi vinafanya 24, kwa hiyo swichi ya matundu 24 imejaa kabla hujamaliza siku ya kwanza. Njia rahisi ni kuchomeka printa na kifaa cha Wi-Fi kwenye matundu ya LAN (upande wa mtandao wa ndani) ya ruta yenyewe, kwa kuwa nayo ni sehemu ya mtandao uleule. Swichi iwe ya gigabiti. Ile ya megabiti 100 itakubana pindi utakapoweka seva.

Swichi ikae kwenye kabati dogo kwenye kona moja. Kutoka hapo kebo ya mbali kabisa itapita mita 12, kisha 8, pamoja na mita 3 za kupanda, kushuka na akiba: mita 23. Ya karibu haizidi 5. Wastani wa mita 14 mara 20 ni mita 280. Roli moja ya Cat5e, aina ya kebo ya mtandao, huwa na mita 305, kwa hiyo inatosha, lakini bila nafasi ya kuchezea. Pima kwa futi kamba kabla ya kukata. Kikomo cha kebo ya shaba ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na hapo mtu asikudanganye kwamba "ikizidi kidogo si neno".

Ongeza soketi 20 za ukutani, kebo fupi laini 20 za mita 2 kutoka soketi hadi kompyuta, plagi za RJ45 kama 30 (20 za upande wa swichi, zilizobaki za kuharibika), koleo la kubana plagi, kifaa cha kusukumia nyaya kwenye soketi, testa ya kupima kebo, na mifereji ya plastiki ya ukutani. Soketi si urembo. Kebo ya roli ina waya mmoja mgumu ndani ya kila rangi, na waya huo hukatika ukipindwapindwa kila siku na miguu ya wanafunzi. Ubaki ukutani bila kuguswa. Kinachotingishwa kiwe kebo fupi yenye nyuzi nyingi.

Kuna kebo za bei rahisi zenye alama ya CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, CCA huonyesha weupe. Usinunue. Ukinzani wake hukaribia mara moja na nusu ya ule wa shaba, hukatika upesi kwenye plagi, na ukipitishia umeme wa kuwasha kamera au kifaa cha Wi-Fi hupata joto.

Kuvuta kebo na kubana plagi

Pitisha kebo angalau sentimita 20 kutoka nyaya za stima, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba. Usizipitishe kwenye mfereji mmoja. Kona isiwe kali: mduara wa kupinda usiwe na nusu-kipenyo chini ya sentimita 2.5. Na usikaze kebo kwa kibanio mpaka ganda libonyee, kwa sababu msokoto wa ndani ndio unaozuia kelele za umeme, na ukiuponda umeuharibu.

Kabla ya kukata, andika namba ileile kwenye ncha zote mbili, 01 hadi 20. Hii huchukua dakika chache na huokoa siku nzima baadaye.

1. Menya ganda la nje sentimita 3. Angalia kama kuna waya uliochubuka. Ukiwapo, kata uanze upya.
2. Fungua misokoto na upange rangi kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Huu ndio mpangilio wa T568B. Ncha zote mbili ziwe hivyohivyo.
3. Nyoosha nyaya, zibane kwa vidole, kisha zikate zilingane zikiwa na urefu wa milimita 12 hadi 13 kutoka kwenye ganda.
4. Shika plagi ulimi wake ukitazama upande wa pili, mdomo wa kuingizia ukiwa chini. Sukuma nyaya mpaka uone shaba zote nane zikigusa mwisho wa plagi.
5. Hakikisha ganda la nje limeingia ndani ya plagi. Lisipoingia, kabari ya plastiki itashika nyaya tupu, na kebo itachomoka ikivutwa.
6. Bana kwa nguvu mara moja hadi mwisho wa koleo. Pima kwa testa: taa 1 hadi 8 ziwake kwa mfuatano pande zote mbili.

Upande wa soketi ya ukutani fuata rangi zilizochorwa kwenye soketi yenyewe, safu ya herufi B, bila kufungua msokoto zaidi ya milimita 13.

Hatua ya pili ndiyo yenye mtego mbaya kuliko yote. Fundi asiyejua mpangilio huweka rangi kwa jozi kama zilivyokaa: chungwa, kijani, buluu, kahawia, na kufanya vivyo hivyo upande wa pili. Testa ya bei ndogo itawasha taa zote nane na kusema sawa. Lakini Etherneti hutumia pini 3 na 6 kama jozi moja, na kwenye kebo hiyo nyaya hizo mbili hazikusokotwa pamoja. Kebo fupi itafanya kazi kwa kuchechemea, ndefu itakatakata, na utailaumu kompyuta. Ukikuta laini inayopima vizuri lakini inapoteza pakiti, fungua plagi na usome rangi kwa macho.

Kupanga anwani

Kuna anwani zilizotengwa kwa mitandao ya ndani, nazo ni zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168. Tumia 192.168.10.0 yenye kinyago 255.255.255.0, kinachoonyesha sehemu ya anwani inayotaja mtandao. Usitumie 192.168.0 wala 192.168.1, kwa sababu ruta nyingi zinazoletwa na watoa huduma hutoka kiwandani na hizo. Ukiweka ruta yako nyuma ya ile ya mtoa huduma na zote mbili zikawa na mtandao wa namba moja, ruta yako haitajua upande gani ni wa nje.

Mgao unaofaa ni huu: ruta 192.168.10.1, seva .2, swichi .3 kama ina ukurasa wa mipangilio, kifaa cha Wi-Fi .4, printa .5. Hivi vipewe anwani za kudumu. Kompyuta na simu zipokee zenyewe kupitia DHCP, huduma inayogawa anwani, kati ya .100 na .200. Huduma ya DHCP iwashwe kwenye kifaa kimoja tu chumbani kote. Ikiwa ni saiba ambapo wateja huingia na kutoka na simu zao, muda wa kukopesha anwani uwe saa 2 badala ya 24. La sivyo anwani 101 zitakwisha ifikapo alasiri, nyingi zikishikiliwa na simu ambazo tayari ziko sokoni Kibuye.

Badilisha nenosiri la kuingilia ruta siku hiyohiyo. Lile la kiwandani linajulikana na kila mtu.

Wi-Fi bila kelele

Katikati ya mji wa Nakuru au Kisumu, simu yako inaweza kuonyesha mitandao kumi jirani. Kwenye mawimbi ya GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 pekee. Chagua ile yenye majirani wachache na upana wa MHz 20. Anayechagua chaneli 3 ili "kukwepa watu" anawasumbua wa 1 na wa 6 na wao wanamsumbua. Mawimbi ya GHz 5 yana chaneli nyingi na kasi zaidi, ila hupenya ukuta wa mawe kwa shida. Mabati hayapitishi kitu, kwa hiyo usitarajie kifaa kilichofungwa juu ya dari ya mabati kihudumie darasa la nyuma. Kiweke ndani ya chumba, juu ukutani, pasipo kabati la chuma mbele yake.

Ulinzi wa Wi-Fi kwenye mipangilio uwe WPA2 wenye AES au WPA3, na zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au namba fupi. Wageni wapewe mtandao wao uliotengwa, usioona seva wala printa. Na anayetaka kuwauzia majirani intaneti ajue kwamba hiyo ni biashara inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Stima, vumbi na radi

Swichi na ruta pamoja kwa kawaida hazili zaidi ya wati 40. UPS ndogo (betri inayoshika kazi stima ikipotea) inaweza kuzibeba kwa muda wa kutosha watu wahifadhi kazi zao, mradi usiichomekee kompyuta wala printa ya leza. Printa ya leza ikipasha moto huvuta umeme mwingi ghafla, na UPS ndogo huzima hapo hapo. Nakuru vumbi ndilo adui: fungua kabati kila mwisho wa muhula, upulize feni. Kisumu ni joto, kwa hiyo kabati liwe na matundu ya hewa juu na chini.

Radi inastahili uangalifu wa pekee. Kisii, Kericho, Kakamega na nchi yote inayozunguka Ziwa Viktoria hupigwa radi sana, na kifaa hakihitaji kupigwa moja kwa moja ili kiungue. Radi ikipiga karibu, ardhi ya jengo moja huwa na volti tofauti na ya jengo jingine kwa muda mfupi sana, na kebo ya shaba iliyofukiwa kati yao hugeuka njia ya kusawazisha tofauti hiyo. Swichi mbili huungua kwa pigo moja. Kwa hiyo usivute shaba kati ya majengo, hata kama ni mita 30. Tumia fiba ya kioo isiyo na waya wa chuma ndani, yenye kibadilishi cha mwanga kuwa umeme kila upande. Au tumia jozi ya redio za GHz 5 zinazotazamana bila mti katikati. Redio hizo nazo huunganishwa kwa kebo ya shaba inayoshuka kutoka paani, kwa hiyo nguzo yake iunganishwe na waya wa athi (unaopeleka umeme ardhini) na kizuia-radi kiwekwe pale kebo inapoingia ndani. Wingu likikusanyika, chomoa plagi ya stima na pia laini inayotoka nje. Kuzima kwa swichi ya stima ya ukutani hakutoshi.

Kuileta intaneti

Kebo kutoka kifaa cha mtoa huduma iingie kwenye tundu la WAN (upande wa nje) la ruta yako, na kebo moja tu itoke kwenye tundu la LAN kwenda swichi. Moja. Ukiunganisha mbili ukidhani unaongeza kasi umetengeneza mzunguko, ambao tutaurudia hapa chini.

Kasi ya laini igawanye kwa watumiaji. Mbps 20 kwa kompyuta 20 zote zikipakua ni Mbps 1 kila moja, ambayo kwa kusoma kurasa inavumilika na kwa video hapana. Mlaji mkubwa asiyeonekana ni masasisho ya Windows: mashine 20 zikipakua gigabaiti 1 kila moja, laini ya Mbps 20 imeshikwa kwa zaidi ya saa mbili. Kwenye mipangilio ya sasisho ruhusu mashine zipeane masasisho ndani ya mtandao wa ndani, na uweke muda wa kazi hiyo uwe nje ya vipindi. Kwa shule, Wikipedia iliyohifadhiwa kwenye seva kwa programu ya Kiwix hupunguza mzigo huo sana, na husomeka hata fiba ikikatwa barabarani.

Kuchelewa ni jambo tofauti na kasi. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, trafiki ya nje ya Kenya haikulazimika tena kupanda setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu, safari ambayo kwenda na kurudi peke yake hula karibu nusu sekunde. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350, na mwanga ndani ya kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde: kwenda na kurudi ni milisekunde 3.5. Vifaa vya njiani huongeza kidogo. Ukiona milisekunde 200 kwenda seva iliyo Nairobi, basi sababu si umbali. Kuna foleni mahali, na mara nyingi foleni hiyo iko chumbani mwako.

Kutafuta hitilafu kutoka chini

Anza na taa ya tundu la swichi. Haiwaki? Usiguse kompyuta, badilisha kebo fupi, kisha hamisha tundu, kisha pima kebo ya ukutani. Ikiwaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha toa amri ipconfig.

Anwani ikianza na 169.254, kompyuta imeomba DHCP ikakosa jibu: ruta imezimika, kebo ya ruta na swichi imetoka, au anwani zimekwisha. Ikiwa na 192.168.10, endelea kwa amri ya ping, inayoomba jibu kutoka kifaa kingine: ping 192.168.10.1, halafu ping 8.8.8.8 (seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti), halafu ping jina la tovuti yoyote. Ya kwanza ikishindwa, tatizo ni la ndani. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikakwama, piga simu kwa mtoa huduma. Mbili zikijibu na jina likakataa, DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, ndiyo mbovu, weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya DHCP ya ruta. Soma jibu mpaka mwisho: ujumbe wa "Destination host unreachable" huanza na neno Reply, na asiye makini hudhani mambo ni shwari. Usitumie ping kati ya kompyuta na kompyuta kama kipimo, maana ukuta wa moto (firewall) wa Windows huweza kuizuia hata mtandao ukiwa mzima.

Chumba kizima kikiganda ghafla na taa zote za swichi zikimetameta pamoja bila kupumzika, kuna mzunguko: mtu amechomeka ncha zote mbili za kebo kwenye swichi, au soketi mbili za ukutani zimeunganishwa. Ujumbe wa kuwaita wote huzunguka bila kikomo na kuongezeka. Chomoa kebo moja moja mpaka taa zitulie. Ya mwisho kuchomolewa ndiyo yenye kosa.

Baadhi ya mashine zikipata 192.168.0 badala ya 192.168.10, kuna ruta ya pili inayogawa anwani, kwa kawaida ya nyumbani iliyoletwa na mtu na kuchomekwa ukutani ili apate Wi-Fi mezani pake. Kwenye mashine iliyoathirika andika ipconfig /all, soma mstari wa DHCP Server, kisha arp -a uone MAC ya anwani hiyo. Kama swichi ina ukurasa wa mipangilio, jedwali lake la MAC litakuambia ni tundu gani. Kama haina, rudi kwenye kuchomoa kebo moja moja, na namba ulizoandika kwenye ncha zitakupeleka hadi kwenye soketi husika.

Na mashine moja ikipata Mbps 100 wakati wenzake wana 1,000, mara nyingi kebo yake ina waya uliokatika kwenye pini 4, 5, 7 au 8. Kasi ya 100 hutumia pini 1, 2, 3 na 6 tu, kwa hiyo mtandao unaendelea kama kawaida na hakuna anayelalamika mpaka siku ya kunakili faili kubwa. Kata plagi, bana nyingine. Ikibaki vilevile, kosa liko upande wa soketi.